Hatari ya wiki ya tatu

Mchezaji akianguka na kushika kifundo cha mguu, msaada hauchelewi. Mmoja anakuja mbio na barafu, wa pili ana dawa ya kupuliza, wa tatu anamjua mchuaji anayewashinda madaktari wote. Siku ya kwanza jeraha lina wenyewe wengi. Ngoja wiki ya tatu. Uvimbe umeshuka, mwenye jeraha anatembea bila kuchechemea, kocha anamuuliza kama Jumamosi yupo, naye anajibu yupo. Waliokimbia na barafu wameshasahau, na hakuna hata mmoja anayemwambia: hebu simama kwa mguu huo mmoja, ufumbe macho, tuone.

Hapo ndipo majeraha mengi ya kawaida ya michezo yanapoharibikia. Saa ile ya kwanza yenye kelele huwa haina uzito tunaoupa. Kinachoamua ni majuma ya kimya kati ya siku maumivu yanapokwisha na siku mchezaji anaporudi kucheza. Tunatumia akili, fedha na mabishano mengi juu ya namna ya kutuliza jeraha, kisha sehemu inayoamua kama litapona au litatoneshwa tunaiachia kalenda.

Tishu iliyochanika haijali ratiba ya ligi. Iwe ni msuli, ligamenti inayofunga mfupa kwa mfupa, au kano inayounga msuli na mfupa, kupona kwake hufuata njia inayofanana. Siku chache za mwanzo ni za uvimbe: mishipa midogo ya damu hufunguka, seli za kinga huingia, huondoa tishu zilizokufa na kutoa ishara za kuanza kujenga. Kisha kwa wiki kadhaa mwili hujaza pengo kwa kolajeni (protini ya nyuzi) changa, iliyotandazwa haraka haraka, nyuzi zikielekea kila upande. Hatua ya mwisho ndiyo ndefu kuliko zote. Nyuzi hizo hupangwa upya na kukazwa, na kwa ligamenti kazi hiyo inaweza kuchukua mwaka na zaidi. Kinachoziongoza nyuzi zilale upande gani ni mvuto wa kazi zenyewe. Tishu isiyovutwa haina namna ya kujua itavutwa vipi, ikabaki kovu gumu lisilo na mwelekeo.

Sasa tazama maumivu yanavyokwenda. Kwa jeraha la wastani hupungua sana kabla hatua hiyo ya mwisho haijashika kasi. Mtu anajisikia mzima wakati sehemu aliyoumia bado ni kamba mpya iliyosokotwa ovyo. Hisia inasema ndiyo, tishu inasema bado, na anayesikilizwa ni hisia.

Ni rahisi kuelewa kwa nini tumeikuza saa ya kwanza. Mwaka 1978 daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, aliipa dunia kifupisho cha RICE: pumzika, weka barafu, funga bandeji ya kubana, inua kiungo. Kilikuwa kifupi, kilikaririka, kikageuka karibu amri kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2014 Mirkin huyohuyo aliandika kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona, kwa kuwa ule uvimbe tunaokimbilia kuuzima ni sehemu ya kazi ya mwili kujitengeneza. Si wengi wanaothubutu kuitikisa nguzo waliyoisimamisha kwa mikono yao, na kwa hilo namheshimu kuliko kwa kifupisho chenyewe.

Wataalamu wa michezo na vifupisho ni chanda na pete, kwa hiyo vingine vilifuata. Mwaka 2012 kundi la watafiti lilipendekeza POLICE, ambamo neno la mapumziko liliondolewa na mahali pake pakawekwa mzigo unaofaa. Mwaka 2020 ikachapishwa PEACE na LOVE, ndefu zaidi, ambamo barafu haimo kabisa na mgonjwa anaonywa asikimbilie dawa za kuzima uvimbe siku za mwanzo. Sina haja ya kumkaririsha mtu herufi zote hizo. La kuangalia ni mwelekeo: kwa miongo minne pumziko limekuwa likitolewa mlango wa nyuma na mazoezi yakiingizwa mlango wa mbele.

Je, barafu itupwe? Hapana. Inatuliza maumivu, na mtu aliyetulizwa maumivu anaweza kulala na anaweza kuanza kukisogeza kiungo mapema. Dakika 10 hadi 15, kitambaa kikiwa kati ya barafu na ngozi, mara chache kwa siku katika siku moja au mbili za mwanzo, haijamdhuru mtu mzima mwenye mzunguko mzuri wa damu. Kubana kwa bandeji na kuinua mguu juu ya usawa wa moyo kunasaidia uvimbe usizidi. Ninachokipinga ni ile imani kwamba ukishafanya hayo umetibu. Umetuliza tu.

Kuna mambo ya siku za mwanzo ambayo hudhuru kweli, na ni ajabu kwamba ndiyo hupendwa: kukanda kwa maji ya moto na kuchua kwa nguvu mahali penye damu mbichi. Mchezaji aliyepigwa goti kwenye paja hupata damu iliyovilia ndani ya msuli. Ukiichua siku hiyo au ya pili yake unaongeza kuvuja, na katika baadhi ya majeraha makubwa ya namna hiyo mwili huanza kuotesha mfupa ndani ya nyama ya msuli, tatizo la miezi kadhaa lililotokana na pigo la kawaida. Paja lililopigwa namna hiyo hufaidika zaidi likifungwa huku goti limekunjwa kwa saa 24 za mwanzo, ili damu ibanwe na msuli usikaze ukiwa umefupika. Joto na kuchua vina wakati wake, baadaye.

Kabla ya mazoezi yoyote, lakini, kuna swali moja la haki: je, kuna kilichovunjika? Kwa kifundo cha mguu jibu limefanyiwa kazi nzuri sana. Mwaka 1992 Ian Stiell na wenzake huko Ottawa, Kanada, walichapisha kanuni rahisi ambazo leo hutumika katika nchi nyingi. Picha ya eksirei inahitajika ikiwa mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa nyuma au kwenye ncha ya nundu ya nje au ya ndani ya kifundo, katika sentimita 6 za chini, au ikiwa mtu hawezi kupiga hatua nne, pale alipoumia na tena anapopimwa. Hatua za kuchechemea zinahesabika. Kwa wayo, hubonyezwa kitako cha mfupa mrefu wa upande wa kidole kidogo, na mfupa wa juu ya upinde wa wayo upande wa ndani. Anayepita vipimo hivyo vyote ni nadra sana kuwa na mvunjiko wa maana. Uzuri wa kanuni hizi ni kwamba hazihitaji mashine, zinahitaji kidole cha mtu anayejua pa kubonyeza. Mlevi, mtoto mdogo na mtu mwenye ganzi miguuni hawapimwi hivi.

Kiungo kilichopinda, vidole vilivyopoa au kufa ganzi, goti lililojaa ndani ya saa chache baada ya mlio wa "paa", shavu la mguu lililohisi kama limepigwa teke kutoka nyuma huku nyuma hapakuwa na mtu: haya yote ni ya daktari siku hiyohiyo, wala hayajadiliwi.

Nirudi kwenye kifundo, kwa kuwa ndicho jeraha linalodharauliwa kuliko yote. "Nimeteguka tu," mtu husema, na hilo "tu" ndilo tatizo. Mguu ukipinda kuelekea ndani, ligamenti za nje hunyooshwa au kuchanika, hasa ile ya mbele. Ndani ya ligamenti hizo mna vipokezi vinavyouambia ubongo kiungo kimekaa vipi, na taarifa hizo nazo huvurugika. Kwa hiyo aliyeteguka amepoteza vitu viwili: uimara na hisia ya mkao. Uimara unarudi polepole wenyewe. Hisia ya mkao hairudi kwa kukaa kwenye kochi. Utafiti uliofuatilia watu walioteguka kwa mara ya kwanza umeonyesha kuwa karibu 4 kati ya 10 bado walikuwa na kifundo kisicho imara mwaka mmoja baadaye, na aliyewahi kuteguka ndiye aliye kwenye hatari kubwa ya kuteguka tena. Tiba ya hayo ni rahisi hadi inaudhi: simama kwa mguu mmoja nusu dakika, fumba macho, kisha simama huku ukirushiana mpira na mtu, kisha inuka juu ya vidole, kisha rukaruka upande kwa upande. Kila siku, kwa wiki kadhaa, maumivu yawe yapo au hayapo. Kifaa cha kushikilia kifundo au utepe, unapoanza kucheza tena, hupunguza kweli uwezekano wa kujitonesha. Si alama ya woga.

Kwa misuli ya nyuma ya paja ushahidi ni mnono zaidi, na unanisaidia kusema jambo ambalo wachezaji wengi hawaliamini, kwamba kuanza kazi mapema huharakisha. Mwaka 2017 watafiti wa Denmark walichukua wanamichezo wa ridhaa 50 waliochanika misuli ya paja au ya shavu la mguu, wakawapa wote programu ileile ya mazoezi. Tofauti ilikuwa moja. Nusu walianza siku 2 baada ya kuumia, nusu siku 9. Wa kwanza walirudi michezoni baada ya takriban siku 62, wa pili baada ya 83. Wiki moja ya kupumzika iligharimu wiki tatu. Tazama pia kwamba hata waliofanya vizuri walihitaji miezi miwili, si wiki mbili ambazo mtu hujipa akisikia "msuli umeshtuka".

Aina ya zoezi nayo ina maana. Msuli wa nyuma ya paja huchanika hasa mtu anapokimbia kwa kasi kubwa, mguu ukiwa mbele karibu kugusa ardhi, wakati msuli unarefushwa huku unavuta. Ukimfanyisha mgonjwa mazoezi ambayo msuli haurefuki, unaufundisha kazi isiyo yake. Nchini Sweden, Carl Askling na wenzake walilinganisha mwaka 2013 wanasoka 75 wa ngazi ya juu: waliofanya mazoezi ya kurefusha msuli chini ya mzigo walirejea kwa wastani wa siku 28, waliofanya ya kawaida siku 51. Na ili jeraha lisije kabisa, kuna lile zoezi la kupiga magoti, mwenzako akakushika vifundo, ukajishusha mbele polepole ukiwa umenyooka mpaka ushindwe kujizuia. Katika jaribio la Denmark lililochapishwa mwaka 2011, timu 50 na wachezaji zaidi ya 900, upande uliofanya zoezi hilo ulipata majeraha 15 ya misuli hiyo na upande usiofanya ulipata 52. Halihitaji chombo chochote. Linauma siku za mwanzo, na nadhani hiyo ndiyo sababu pekee ya kulikimbia.

Tukio ambalo wengi wanalikumbuka ni la Kevin Durant. Mei 2019 aliumia msuli wa shavu la mguu akiichezea Golden State Warriors katika mchujo wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani. Akakaa nje kwa zaidi ya mwezi, timu ikawa nyuma katika fainali, akarejea mchezo wa tano, tarehe 10 Juni, dhidi ya Toronto Raptors. Hakumaliza robo ya pili. Kano ya Achilles ya mguu uleule ilikatika, na msimu mzima uliofuata hakucheza. Hakuna awezaye kuthibitisha kwamba jeraha la kwanza lilizaa la pili, na sitajifanya ninaweza. Lakini pale palikuwa na kila kitu: mchezaji tajiri wa vipaji, madaktari, mashine za picha, na bado shinikizo la mchezo mmoja lilikuwa sehemu ya hesabu. Kama huko juu hali ni hiyo, mchezaji wa ridhaa mwenye kocha asiye na wachezaji wa akiba anajilinda na nini?

Kano zina tabia yake. Maumivu yake hayaji kwa kishindo, hujenga kidogokidogo: asubuhi kisigino kimekakamaa, ukikimbia kinaachia, jioni kinarudi. Kwa miaka mingi wenye maumivu hayo waliambiwa wapumzike, wakapumzika, maumivu yakaisha, wakarudi kukimbia, maumivu yakarudi nao. Mwaka 1998 daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, alichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya Achilles aliowapa zoezi moja: simama ukingoni mwa ngazi na ushushe kisigino polepole chini ya usawa, 3 kwa 15, goti likiwa limenyooka na tena likiwa limekunjwa, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Ni mishusho 180 kwa siku, na mzigo ukiongezwa. Wote 15 walirudi kukimbia. Inasimuliwa kwamba wazo lilimjia akiwa yeye mwenyewe mgonjwa wa kano hiyo. Bosi wake alikataa kumfanyia upasuaji, basi akaamua kuitesa kano mpaka ikatike ili apasuliwe kwa lazima, ikapona. Kundi la watu 15 wasiopangwa kwa bahati nasibu si ushahidi wa kutosha, lakini tafiti zilizofuata zimeitetea hoja ya msingi, na zimeonyesha pia kwamba mazoezi mazito ya polepole mara tatu kwa wiki yanafanya kazi sawa kwa usumbufu mdogo zaidi.

Kanuni inayotumika hapa ni tofauti na ya mfupa uliovunjika: maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa, mradi kesho yake asubuhi yasiwe yamepanda kuliko jana. Kano husema kwa kuchelewa. Anayeisikiliza wakati wa mazoezi peke yake atadanganyika.

Halafu kuna sindano. Kotisoni, dawa kali ya kuzima uvimbe, kwenye kiwiko cha tenisi, yaani maumivu ya kano za upande wa nje wa kiwiko, ni mfano mzuri wa kinachonikera katika biashara nzima ya kutuliza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2010 ulionyesha kwamba katika wiki za mwanzo sindano inashinda, na tofauti ni kubwa. Baada ya miezi kadhaa waliochomwa wako nyuma ya wenzao waliotibiwa kwa njia nyingine au walioachwa tu. Mgonjwa anamsifu aliyemchoma, kwa sababu sifa hutolewa wiki ya pili. Mwezi wa sita hakuna anayerudi kuuliza. Katika kano zinazobeba mwili, kama ya Achilles, kuna na hofu ya kukatika.

Vidonge navyo viko kwenye mfuko uleule. Kumeza ibuprofeni au diklofenaki ili uweze kulala baada ya kuteguka ni jambo moja, kumeza ili uweze kucheza ni jambo lingine kabisa, kwa sababu unazima kengele na kuiacha nyumba ikiungua. Na mwili mzima hulipa. Katika jaribio la mwaka 2017 kwa wakimbiaji wa mbio za kilomita 80, dalili za figo kuumia zilionekana kwa asilimia 52 ya waliopewa ibuprofeni na asilimia 34 ya waliopewa kidonge kisicho na dawa. Tumbo ni kesi nyingine. Parasetamoli, kwa kipimo chake, kwa kawaida hutosha.

Goti ndiko subira inakopimwa kweli. Ligamenti ya ACL, ile inayopita katikati ya goti na kulizuia lisilegee, ikikatika, wengi hudhani kinachobaki ni kupanga siku ya upasuaji. Mwaka 2010 utafiti wa Sweden kwa vijana 121 wenye kupenda michezo ulilinganisha upasuaji wa mapema na mazoezi kwanza, upasuaji baadaye kama goti likiendelea kulegea. Baada ya miaka miwili magoti yalikuwa sawa, na baada ya miaka mitano karibu nusu ya kundi la pili hawakuwa wamepasuliwa kabisa. Anayecheza mchezo wa kukata kona kwa kasi anaweza bado kuhitaji upasuaji. Huo ni uamuzi wa yeye na daktari wake. Lakini kwa njia zote mbili kazi kubwa ni mazoezi, na upasuaji hauifupishi. Watafiti wa Norway na Marekani waliripoti mwaka 2016 kwamba, hadi kufikia mwezi wa 9, kila mwezi mchezaji aliochelewa kurudi ulipunguza kuumia goti tena kwa takriban nusu. Virgil van Dijk, beki wa Uholanzi, alikatika ligamenti hiyo Oktoba 2020, akajitoa katika mashindano ya Ulaya ya kiangazi kilichofuata ingawa taifa lake lilimtaka, akaonekana tena uwanjani mwishoni mwa Julai 2021. Miezi 9. Mashabiki walinung'unika, goti halikunung'unika.

Katika utafiti huohuo wa Norway na Marekani lipo jambo lililo muhimu kuliko miezi. Waliorudi bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, asilimia 38 waliumia tena ndani ya miaka miwili. Waliofaulu, chini ya asilimia 6. Kwa hiyo muda peke yake si kipimo. Ni sharti la chini tu.

Nina wajibu wa kutaja pale hoja yangu inapofikia mpaka, maana "mzigo ndio dawa" ikisemwa ovyo inaua. Mfupa unaopata ufa wa kuchoka haufundishwi kwa mzigo, unaupumzisha. Maumivu ya muundi yaliyotapakaa sentimita kadhaa kwa kawaida ni msongo unaopungua mkimbiaji akipunguza umbali. Maumivu ya nukta moja unayoweza kuifunika kwa ncha ya kidole, yanayokuamsha usiku, ni ya kuchunguzwa, na ufa wa muundi huchukua wiki 6 hadi 8 au zaidi. Ufa wa shingo ya paja ni dharura. Mkimbiaji anayepata nyufa mara kwa mara, hasa msichana aliyekosa hedhi, huenda hali chakula kinachotosha kazi anayofanya. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ililipa tatizo hilo jina rasmi mwaka 2014, na wanaume nao hulipata. Hapo hakuna zoezi, kuna sahani.

Kichwa hakina mjadala. Mtu aliyepigwa kichwani akachanganyikiwa, akasahau, akayumba, ametoka mchezoni kwa siku hiyo, hata akiapa yuko sawa. Anayepima kama yuko sawa ni ubongo uleule uliopigwa. Hata huku, hata hivyo, mwongozo umesogea: makubaliano ya wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 yameacha ule ushauri wa kumfungia mtu chumba chenye giza. Pumziko la wastani la saa 24 hadi 48, kisha kutembea na mazoezi mepesi, kisha kupanda ngazi moja baada ya nyingine, bila kugongana na mtu mpaka daktari aruhusu.

Watasema mtaalamu wa fiziotherapia si wa kila mtu, na ni kweli. Lakini vipimo vingi vya kurudi uwanjani ni vya mguu na sakafu. Inuka juu ya vidole kwa mguu mmoja mpaka ushindwe, hesabu, linganisha na mguu mzima. Ruka kwa mguu mmoja uone umefika wapi, linganisha. Chini ya asilimia 90 ya mguu mzima, bado. Kimbia moja kwa moja kwa nusu kasi, kisha robo tatu, kisha kasi yote, kila hatua ikipishana na ya pili kwa siku moja au mbili, kabla ya kuongeza kona, mpira na mwili wa mpinzani. Aliyefaulu kukimbia kwa kasi yote mazoezini mara kadhaa bila paja kulalamika ana haki ya kusema amepona. Aliyepitisha tarehe tu, hana.

Na hofu? Hofu tunaidharau kwa sababu haionekani kwenye picha. Kati ya waliopasuliwa ACL, mapitio makubwa ya mwaka 2014 yalikuta asilimia 81 walirudi kwenye mchezo wa aina fulani, lakini asilimia 65 tu kwa kiwango cha awali, na 55 mashindanoni. Goti la wengi wa waliobaki lilikuwa zima kwa vipimo. Wao ndio hawakuliamini. Kumwambia mtu wa namna hiyo ajikaze ni kumkosea. Anachohitaji ni kurudiarudia kile kilichomuumiza, kikiwa kidogo, kikiongezwa, mpaka mwili uone kwamba umetua mara mia na haukuvunjika.

Baada ya kurudi, mazoezi yaleyale ya paja, ya kifundo, ya shavu la mguu hayana budi kuendelea, maana wiki za mwanzo uwanjani ndizo zenye marudio mengi ya jeraha la paja. Mpango wa FIFA wa kupasha misuli moto, unaochukua kama dakika 20, ulipojaribiwa kwa wasichana karibu 1,900 wa soka nchini Norway ulipunguza majeraha kwa karibu theluthi, na timu zilizoufuata kwa bidii ndizo zilizofaidi zaidi. Zile zilizoufanya ilipokumbukwa zilipata matokeo ya kukumbuka. Mchezaji anayerudi aanze kwa dakika 20 au 30 za mchezo, asimalizie siku hiyo kwa mazoezi ya ziada kumridhisha mtu, na kesho yake asubuhi kabla ya kumjibu kocha ashuke kitandani ainuke juu ya vidole vya mguu ule.